Ukungu wa Aina Mbili

Lenzi ilikuwa imevikwa soksi ya mtoto
kwenye meza ya Mwilambwe, soko la Kenya,
kati ya rimoti zisizo na televisheni
na pasi moja ya makaa.
Milimita mia tatu. Nzito kama chupa ya bia iliyojaa.
Shingoni mwake mtu alichora kwa msumari: P.K.,
kisha mstari wa herufi ya tatu
ambao hakuumaliza.

«Iko muzima, yaya. Ukungu kidogo tu, mu kioo.»
Nikaielekeza juani. Kweli: ndani, pembeni,
nyuzi nyeupe zimeota kama mizizi ya kitunguu,
mahali ambapo shati halifiki.
Dola arobaini. Ishirini leo, ishirini Jumamosi,
na ikiwa mbovu niirudishe kabla hajakunja turubai.

Mimi ni mpiga picha za paspoti.
Kazi yangu ni masikio: yote mawili yaonekane,
kidevu juu, usicheke, anayefuata.
Miaka kumi na mmoja nimesimama mita moja na nusu kutoka kwa watu.
Sijui kutazama kitu
kisichojua kwamba kinatazamwa.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
baridi ile ya Lubumbashi ambayo watu wa pwani hawaiamini:
nyasi zimekauka, zinavunjika kama biskuti chini ya kiatu.
Nimevaa koti la marehemu baba, la mgodini,
mifuko yake bado ina vumbi la kijani.
Mto Kafubu unafuka kama sufuria
ambayo mtu ameisahau jikoni.

Kwa lenzi hii hupumui.
Ukipumua, ng'ambo yote inaruka.
Pete ya kulengea inasaga mchanga.
Mchanga wa wapi, P.K.? Ulikwenda nayo wapi?
Nililenga matete, nikapata giza.
Nililenga giza, nikapata ndoo,
na mkono wa mama anayechota maji, umepauka kwa baridi,
karibu mno, kama niliyemshika bila hodi.
Nikaishusha.
Samahani, nikasema,
mita mia mbili kutoka alipo.

Kisha mdiria.
Juu ya tete lililopinda, manyoya ameyavimbisha,
mpira wa buluu wenye mdomo,
hana haraka; samaki nao wanasikia baridi.
Nikapiga. Nikapiga. Kidole hakikuwa changu tena.
Akazama, akaibuka, akaenda zake,
tete likabaki linatikisika
nami nikalipiga tete.

Nyumbani, picha thelathini na nane.
Thelathini na sita ni buluu iliyomwagika.
Moja ni tete.
Na moja:

lenzi ndefu haina adabu ya umbali.
Imelivuta bomba la moshi la mgodi kutoka kule mjini
ikalisimamisha nyuma ya ndege, bega kwa bega,
ndugu wawili waliokuja kupigwa paspoti.
Baba alifanya kazi chini ya bomba lile miaka ishirini na sita.
Alituletea habari za zamu, za mishahara, za vidole vya wenzake.
Ndege, hata siku moja.
Na juu ya wote wawili
weupe umetanda, laini, hauna mwanzo.

Jumamosi niliibeba picha kama ushahidi.
«Ona ukungu wako huu,» nikamwambia Mwilambwe. «Punguza kumi.»
Akavaa miwani. Akanyamaza
hadi wateja watatu wakaja, wakauliza bei, wakaondoka.
«Huu ni wa kioo,» akasema, «ao ni wa muto?»

Nikaitazama tena.
Nikaigeuza kwenye mwanga.
Nikahesabu ishirini, noti za tano tano.
Akazikagua moja moja, pande zote mbili.
Ya nne ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, kama ukucha.
Hiyo
akaikataa.